Hesabu Siku Kabla ya Kuhesabu Aibu

Mdogo wangu, leo tuanze na bahasha.

Juzi nilipita kwa dada mmoja hapa Marachi, upande wa Busia ya Kenya, kuazima gorogoro ya kupimia maharagwe. Yeye ni mtu wa nafaka. Mahindi anayatoa Tororo, anayavusha, anayauza Busia na Bumala. Nilipoinua ile gorogoro mezani, chini yake zilikuwepo bahasha tatu za kaki, zimechorwa duara la vumbi la unga kama zimepigwa muhuri. Mbili hazijafunguliwa. Nikamuuliza, "Hizi je?" Akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Za wale wa mkopo, dada. Nikizifungua zitanila."

Nikamwambia, mama, zimeshaanza kukula, tena zinakula usiku na mchana. Tukaketi, tukazifungua kwa kisu cha mboga. Ya kwanza kumbusho, ya pili kumbusho lenye hasira. Ya tatu haikuwa kumbusho. Ilikuwa notisi ya kisheria ya kudai deni, milioni moja na laki mbili za Kenya, nayo alikabidhiwa mkononi na kijana wa pikipiki. Tukahesabu kwa vidole kutoka siku aliyoipokea. Siku ya 19. Sheria ya Kenya inampa 21.

Basi ndiyo maana nakuandikia. Najua na wewe unazo bahasha zako, kama si chini ya gorogoro basi nyuma ya kabati la vyombo au ndani ya Biblia. Sikucheki. Mpakani hapa nani hajawahi kukopa? Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga waliyaona haya kabla benki hazijajengwa. Ila kuna tofauti kati ya mtu mwenye deni na mtu aliyeamua kutolijua deni lake, na huyu wa pili ndiye ninayetaka kumvuta sikio.

Tusafishe maneno kwanza, maana nusu ya hofu yetu inatoka kwenye maneno. "Nimefilisika" tunalisema ovyo. Pesa za Krismasi zikiisha tarehe mbili Januari, nimefilisika. Mzigo ukinyeshewa Malaba, nimefilisika. Hapana. Huko ni kuishiwa. Muflisi mbele ya sheria ni mtu ambaye mahakama imetoa amri kwamba hawezi kulipa madeni yake, na kuanzia siku hiyo mali yake inatoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya msimamizi, ili wadai wote wagawane kwa utaratibu, asije mwenye mabavu akabeba yote. Mpaka amri hiyo itoke, wewe ni mdaiwa aliyebanwa, basi. Usijivike jina ambalo hakimu hajakupa.

Wanaokudai ni wadai, nao hawalingani. Yupo mdai mwenye dhamana: ulimpa hati ya shamba au hati ya gari akaiweka rehani. Huyo ana kamba shingoni mwa ile mali. Hata ukitangazwa muflisi leo, yeye anaweza kuiendea dhamana yake bila kupanga foleni na wengine. Halafu wapo wasio na dhamana: chama chako, muuza magunia, shemeji aliyekukopesha kwa M-Pesa usiku. Hawa ndio wa foleni, na mara nyingi foleni inaishia kwenye sufuria tupu. Uliza waliokuwa wakiwauzia Nakumatt. Lile duka kubwa lilikuwa na matawi Kenya, Uganda na kwingineko. Januari 2018 likawekwa chini ya msimamizi ili aone kama linaweza kuokolewa, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura lifungwe na mali zake ziuzwe. Madeni yalipita shilingi bilioni 30. Aliyepeleka maziwa na mayai bila dhamana yoyote alibaki na karatasi za ankara.

Na sisi wa huku tuna mfano wa karibu zaidi, kiwanda cha sukari cha Mumias. Wangapi kwetu Busia walipanda miwa ya kiwanda kile? Septemba 2019 benki iliyokuwa ikikidai ikakiweka chini ya mrasimu. Mrasimu si mfilisi, mdogo wangu, usichanganye. Mrasimu analetwa na mdai mwenye dhamana, kazi yake ya kwanza ni kumrudishia huyo fedha zake, hata kwa kuendesha au kukodisha mali, ndiyo maana Desemba 2021 tukasikia kiwanda kimekodishwa kwa kampuni kutoka Uganda. Mfilisi yeye anakuja kuzika: anauza kilichopo, anagawa, kampuni inafutwa. Na mkulima aliyedai malipo ya miwa? Yuko kwenye foleni, na risiti zake, kama hazijaliwa na mchwa.

Nimesema hivyo makusudi. Kuna siku utakuwa wewe ndiye mdai. Mtu unayemdai akitangazwa muflisi, hutaitwa jina kwenye redio ukachukue. Utatakiwa uwasilishe uthibitisho wa deni lako: kiasi, tarehe, karatasi. Sisi tunauziana kwa mdomo, "utanipa Jumamosi", tunaandika kwenye kiganja. Mdomo haugawiwi kitu kwenye mkutano wa wadai.

Haya, turudi kwa dada wa Marachi na siku zake mbili.

Ile notisi si amri ya mahakama. Wengi wanaichukulia hivyo wanazimia bure. Ni mdai anasema: nilipe, au tuelewane, muda ukipita nitaenda mahakamani kuomba utangazwe muflisi. Kenya inakupa siku 21 tangu ukabidhiwe. Uganda inakupa siku 20 za kazi, yaani Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Na huko Uganda, kama deni lenyewe unalipinga, kwamba ulishalipa au si lako, una siku 10 za kazi tu kwenda mahakamani kuomba notisi itenguliwe. Kumi tu, mdogo wangu. Wiki mbili za kulala na bahasha chini ya mto, na mlango huo umefungwa. Huko Uganda ukikaa kimya hadi muda uishe, sheria inakuchukulia kwamba huwezi kulipa. Kimya chako kinageuka kuwa ushahidi dhidi yako. Ndiyo maana nasema hesabu siku kabla hujahesabu aibu. Aibu haina tarehe ya mwisho, notisi inayo.

Sasa nikuambie la kwangu, uone sikuanza kuwa na akili jana. Miaka ile nikiuza mitumba na nafaka, nilidaiwa na mkopeshaji mmoja, nisimtaje, alishakwenda zake. Aliposhinda kesi akaleta dalali wa mahakama. Nilikuwa nimesikia kwamba anakuja. Usiku nikapakia magunia manane kwenye boda boda tatu, nikayapeleka Tororo kwa shangazi yangu, karibu na barabara ya kiwanda cha saruji. Nikarudi nimevimba kichwa. Dalali akaja asubuhi na daftari lake, mtu mpole, kalamu sikioni. Akaandika: mizani moja, meza moja, turubai moja, baiskeli moja haina breki. Akaangalia sakafuni. Mahindi yalikuwa yamemwagika punje punje kutoka kona ya stoo hadi mlangoni, na vumbi likaonyesha duara nane pale magunia yalipokuwa yamekaa. Hakusema kitu. Akaandika tu: magunia manane, hayapo. Mdogo wangu, lile neno "hayapo" lilinigharimu kuliko magunia yenyewe. Mkopeshaji ambaye wiki moja kabla alikuwa tayari nimlipe kidogo kidogo, aliposikia nimeficha, akakataa hata kunisikiliza. Na shangazi akaanza kupokea wageni asiowajua. Hadi anafariki alikuwa akinitania kuhusu yale magunia, lakini haukuwa utani.

Nilichokuwa sijui wakati ule ni kwamba dalali hana ruhusa ya kubeba kila kitu. Kwa Kenya, anakuja kwanza kuorodhesha, anakuachia karatasi, na vitu vinavyohamishika anakupa siku 7 za kukomboa kabla hajavibeba. Shamba au nyumba ni safari ndefu zaidi. Dalali peke yake lazima akupe notisi ya siku 45, mbali na notisi ambazo benki ilishakuandikia. Na kuna vitu ambavyo sheria inamkataza asiviguse anapotekeleza hukumu: nguo za mwilini, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, yako na ya watoto wako, na vyombo vya kazi vya fundi. Kama una mshahara, theluthi mbili haishikwi. Kwa hiyo dalali akikwambia atabeba godoro la mtoto, mwombe akuonyeshe karatasi, na umpigie mtu anayejua kusoma karatasi hizo. Simtetei mdaiwa mjanja. Mgala muue na haki yake mpe.

Wengine wameniuliza: dada, si navuka tu? Mpaka uko hapo, Sofia ya upande wa Uganda iko hapo, naamka Kenya nanywa chai Uganda. Eti kuna aliyedaiwa Tororo akahamia Adungosi, sasa anatembea kifua mbele. Msikilize dada. Hapa kwetu ndiko boda boda ilikopata jina, watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Tangu Februari 2018 tuna kituo kimoja cha mpakani Busia, unasimama mara moja, unapigiwa muhuri, unapita. Deni halingoji hata huo muhuri. Hukumu ya mahakama za juu za Uganda inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya na kutekelezwa kama vile ilitolewa Nairobi. Uganda imo kwenye orodha ya nchi ambazo Kenya inatambua hukumu zake, na Uganda nayo ina sheria yake ya kupokea za Kenya. Tena sheria mpya za ufilisi za nchi zote mbili, ya Uganda ya mwaka 2011 na ya Kenya ya mwaka 2015, zina sehemu nzima inayohusu mali na wadai waliovuka mpaka. Msimamizi wa muflisi wa upande huu anaweza kubisha hodi mahakamani upande ule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ni Mto Sio, hata mtoto anauvuka.

Sasa niambie ukweli. Umeshaorodhesha, umeshauza cha kuuza, umeshapiga magoti kwa kila mtu, na bado hesabu haifiki. Hapo ndipo tunazungumza kufilisika kwenyewe. Na jambo ambalo wengi hawajui: si lazima usubiri uburutwe. Mdaiwa mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kuomba atangazwe muflisi. Kenya unakwenda Mahakama Kuu, na Busia tunayo, huhitaji kupanda basi la Nairobi kwa kesi. Uganda, kama jambo lako halizidi shilingi milioni 50 za Uganda, linasikilizwa na hakimu mkuu; likizidi, ni Mahakama Kuu.

Unapeleka ombi, na pamoja nalo taarifa ya hali yako ya fedha. Hiyo taarifa ndiyo moyo wa shughuli. Ni kujivua nguo. Unaandika kila unachomiliki, kila unachodaiwa na nani, kila unachowadai wengine, unaapa kwamba ni kweli. Kiwanja ulichonunua Matayos kwa jina la mama mkwe, andika. Ng'ombe waliopo kwa kaka Samia, andika. Mficha uchi hazai, na hapa mficha mali anaweza kufungwa, kwa sababu kudanganya kwenye kiapo ni kosa la jinai. Pikipiki uliyompa shemeji "zawadi" mwezi uliopita, msimamizi anaweza kuifuata na kuirudisha kapuni.

Mahakama ikitoa amri, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Kwanza, wadai wasio na dhamana wanazuiwa kukufuata mmoja mmoja. Simu za usiku, dalali mlangoni, kesi tatu kwa wakati mmoja, vyote vinapelekwa sehemu moja. Wapo waliolala usingizi wa kwanza baada ya mwaka siku hiyo. Pili, mali yako, ukiondoa mahitaji ya lazima na vyombo vya kazi, inakabidhiwa afisa wa serikali, mwite Mpokeaji Rasmi. Kenya yuko chini ya ofisi ya usajili wa biashara, Uganda yuko kwenye ofisi ya usajili ya huko, URSB. Baadaye anaweza kuteuliwa msimamizi mwenye leseni. Jina lako linatangazwa hadharani. Wadai wanakutana. Unaweza kuhojiwa chini ya kiapo mbele ya wote: fedha zilikwenda wapi, kwa nini ulikopa huku tayari umezama. Ni mchana mrefu. Vaa viatu visivyobana.

Na kuna bei ya kulipa ambayo haimo kwenye ada za mahakama. Ukiwa muflisi hujaachiliwa, huruhusiwi kukopa kwa kujifanya mzima, huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa, na kusafiri nje ya nchi kunahitaji kibali. Hebu fikiria mtu wa mpakani aliyekatazwa kutoka nje ya nchi! Kwa mwenzetu wa Kisumu ni sharti dogo. Kwako ni soko lako la Alhamisi na msiba wa mjomba. Na kama unaota siasa, kaa ukijua katiba za nchi zote mbili hazimruhusu muflisi ambaye hajaachiliwa kuwa mbunge. Kenya hata udiwani wa kaunti.

Huko kuachiliwa nako kunatofautiana. Kenya, kama hakuna aliyepinga na hukufanya ujanja, unaachiliwa bila kuomba miaka mitatu baada ya kuwasilisha ile taarifa ya hali yako. Uganda hakuna kuachiliwa bila kuomba. Unaiomba mahakama, nayo inaangalia mwenendo wako. Ukishaachiliwa, hudaiwi tena madeni ya zamani. Isipokuwa baadhi: uliyoyapata kwa ulaghai, na matunzo ya watoto. Baba aliyedhani atafilisika ili asilipe matunzo, pole, sheria ilimwona kabla hajaamka.

Halafu kuna huyu mtu ambaye kila siku anasahaulika, mdhamini. Ukiachiliwa wewe, yeye haachiliwi. Deni lako linabadilisha kiti, linakaa kwake. Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukifa kwa sahihi moja ya benki. Kabla hujaenda kuomba ufilisi, mwendee mdhamini wako, usiku kama unaona haya, umweleze. Asilisome gazetini. Na wewe unayeombwa udhamini leo kwa sababu "ni karatasi tu, dada", ujue hiyo karatasi ni mkopo wako ambao pesa zake zitaliwa na mtu mwingine.

Watu wananiuliza sana kuhusu jela. Tusidanganyane. Kudaiwa si jinai, ila sheria za pande zote mbili bado zina kile kifungo cha madai, hadi miezi sita, kwa mtu aliyekwisha kushindwa kesi na hataki kulipa. Kenya kimepigwa vita sana. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza ahadi ya mkataba kunakwenda kinyume na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Majaji wengine baadaye wakasema kifungo bado kipo, lakini lazima uitwe kwanza ujieleze, na ithibitike kwamba unazo ukakataa, au unaficha. Sikia vizuri hapo: kuitwa ujieleze. Ukipata wito huo, nenda. Nenda na taarifa zako za benki, nenda na kadi za kliniki, nenda na mtoto mgongoni kama huna wa kumwachia. Wanaoishia ndani mara nyingi ni wale waliouona wito wakapanda boda kwenda Sofia.

Na kabla hujaamua kufilisika kabisa, zipo njia za kando ambazo mtu wa kipato chetu anapaswa kuziangalia kwanza. Unaweza kuwapa wadai pendekezo la makubaliano: nitalipa kiasi hiki kwa muda huu, chini ya msimamizi. Mahakama inaweza kutoa zuio la muda mfupi wasikuguse wakati wanalitafakari, na wakilikubali wengi wao kwa kiwango kinachotakiwa, linawafunga hata waliokunja uso. Kenya ipo pia amri ya kulipa kwa awamu. Na ipo njia ya asiye na kitu: kama huna mali yoyote ya kuuzwa, na madeni yako ni kati ya shilingi laki moja na milioni nne, unaweza kuomba kuingizwa kwenye utaratibu huo, na baada ya miezi 12 unaachiliwa bila kupitia ufilisi kamili. Haiji mara mbili, hiyo ni mara moja maishani. Wengi wanaostahili hawajawahi hata kuisikia.

Nani wa kukusaidia? Si yule kijana wa nje ya geti la mahakama anayekuambia, "Mama, nipe elfu tano nikufutie deni." Deni halifutwi kwa elfu tano. Tafuta wakili mwenye cheti cha mwaka huu. Huna wakili, uliza karani wa mahakama kuhusu msaada wa kisheria wa serikali. Tororo ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kupata ofisi ya Justice Centres Uganda. Na mwambie mumeo, au mkeo. Najua, hapo ndipo pagumu kuliko mahakama. Lakini kila niliyemwona akizama, alizama kwa sababu nyumbani walidhani biashara inakwenda, wakaendelea kuagiza nyama.

Dada wa Marachi je? Siku ya 20 tulikuwa kwa wakili saa mbili asubuhi, yeye amefunga kilemba cha kanisani kana kwamba anakwenda kubatizwa. Alikuwa na stoo yenye magunia, mizani nzuri, na wateja anaowadai zaidi kuliko wanavyomdai. Wakili akamwangalia akamwambia, "Mama, wewe hujafilisika, wewe umeogopa." Ikaandikwa barua siku hiyohiyo, pendekezo la kulipa kwa miezi kumi na minane, likaambatanishwa na malipo kidogo ya kuanzia. Mkopeshaji alinung'unika, akaongeza sharti moja, akasaini. Tulipotoka alikaa kwenye ngazi akavua viatu, akasema miguu inamuuma. Alikuwa hajasema kitu chochote kinachomuuma kwa miezi mitano.

Gorogoro yake bado iko kwangu. Jana amenipigia simu nikadhani anaidai. Kumbe imekuja bahasha ya nne, ameshaifungua mwenyewe, kuna neno moja mstari wa pili halielewi, anauliza niko nyumbani saa ngapi.